Shangazi, kikundi chetu cha viazi kimevunjika, je tuwatenge wanawake na wanaume?

Shikamoo shangazi. Naomba jina langu usiliweke mana huku kwetu Uporoto kila mtu anamjua kila mtu. Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili, nalima viazi mviringo kama wengine wote huku juu. Mwaka juzi tulianzisha kikundi, tuko tisa, wanaume wanne wanawake watano, mi ndo mweka hazina. Lengo lilikuwa moja tu, tuachane na lumbesa. Unajua shangazi mtu unahangaika toka mbegu mpaka dawa ya ukungu, mwezi wa sita unachimba mikono imekufa ganzi kwa baridi, halafu dalali anakuja anataka gunia lishindiliwe mpaka juu liwekewe ule mlima unaofungwa kwa kamba, yaani analipa gunia moja anaondoka na karibu moja na nusu.

Mwaka huu Mungu akatusaidia tukapata mteja wa Dar. Akasema nachukua gunia 120 za kilo mia mia, zimepimwa kwenye mzani, 75,000 kila moja, ila gari lijae, pungufu ya hapo siji mana mafuta yatanimaliza. Tukakaa kikao, tukahesabu, tukaona 120 zinafika zote zote, hakuna hata moja ya ziada. Tukanyoosha mikono wote tisa kwamba hakuna atakayeuza pembeni. Kuna mama mmoja mjane ndo alileta maneno siku ile, akasema mbona hamjaandika popote, mbona daftari la mizigo halipo, mtu akipata shida ya hospitali katikati hapa atafanyaje. Watu wakakasirika, wakamwona mkorofi. Katibu akamtuliza kwa utani, wote tukacheka, kikao kikaisha. Huyo katibu ni mtu wa watu shangazi, mcheshi, msibani yuko, harusini yuko.

Zikabaki siku nne gari lije. Dalali wa siku zote akaanza kupita nyumba kwa nyumba jioni jioni. Kwangu alifika saa moja usiku, mume wangu yuko Tunduma, mi nimekaa jikoni nachambua maharage. Akasimama mlangoni akaniambia, "Wenzako wameshanipa mzigo, wewe unangoja nini, kesho hapa nachukua kwa hamsini." Nikamwambia ondoka. Ila sikulala. Saa nne nikasikia muungurumo, nikatoka nje kwenye ukungu, nikaona gari limesimama kwa katibu taa zimezimwa, kuna tochi moja tu inachezacheza, watu wanapokezana magunia kimya kimya. Shangazi miguu iliisha nguvu. Nikarudi ndani nikawaza, kumbe kweli, wameshauza wote nimebaki mjinga peke yangu na ada ya mtoto haijalipwa. Asubuhi nikampigia dalali nikampa gunia tatu kwa 55,000.

Kumbe wengine wote walikuwa hawajauza.

Siku ya kuhesabu tukakuta 103. Mteja akasema sorry, akageuza. Bei ikashuka mpaka 50,000 na lumbesa juu, watu wameuza wanalia. Na unajua nani alishutumiwa wa kwanza? Yule mama mjane, eti si ndo alikuwa hataki toka mwanzo. Baadae kijana mmoja mpakiaji akaropoka, katibu akabanwa akakubali gunia 14, alimpa kwa 58,000. Akasema na yeye aliambiwa wenzake wameshauza. Ila 14 na 103 haifiki 120, zimebaki tatu, na watu wote wanasema hizo tatu ni za yule mama. Na mi nimenyamaza shangazi. Nimenyamaza mpaka leo.

Sasa Jumapili kuna kikao. Mwenyekiti anataka wanawake tutoke, anasema wanawake wana moyo mdogo kwenye pesa, wakitishwa kidogo wanaachia. Wanawake wenzangu nao wanasema bora tutoke wenyewe, mwizi mkubwa ni mwanaume, sisi wanawake tunashirikiana vizuri tukiwa wenyewe. Mi nilikuwa nafikiria tusiangalie jinsia, tuchague watu kwa tabia, tubaki na wapole na wacheshi wasioleta maneno. Nishauri, tugawane? Na katibu tumfukuze au tumsamehe? Moyo wangu unataka kusamehe kila kitu yaishe tu, ndivyo nilivyo toka utotoni.

Mweka hazina, Uporoto

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, hiyo ya gari lililozima taa nimeirudia zaidi. Zile gunia tatu nitazirudia, usidhani nimezipita.

Kwanza tuweke sawa ni kitu gani kimewavunja, mana naona kila mtu hapo kijijini ameshika jibu lake. Mwaka 1950 kule Marekani, kwenye taasisi inaitwa RAND, mabwana wawili Merrill Flood na Melvin Dresher walitunga mchezo wa maamuzi, halafu mwanahisabati Albert Tucker akauvalisha hadithi ya wafungwa wawili. Polisi wamewaweka vyumba tofauti, kila mmoja anaambiwa ukimtaja mwenzio yeye akanyamaza we unaachiwa. Wakinyamaza wote wanafungwa kidogo, wakitajana wote wanafungwa sana. Kila mmoja akipiga hesabu peke yake anaona bora ataje, na wakitaja wote wanaumia wote. Toka hapo wasomi wamewachezesha watu mchezo huu na ndugu zake, kwa pesa za kweli, kuangalia nani anashirikiana na nani anageuka.

Ila ya kwenu nikiitazama vizuri siyo ya wafungwa. Ya kwenu inafanana na mfano alioutoa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau mwaka 1755, wa wawindaji waliokubaliana kumzunguka kulungu. Kila mmoja akikaa kwenye nafasi yake kulungu anapatikana na nyama inawatosha wote. Lakini sungura akipita karibu na mmoja, huyo akamkimbilia, kulungu anatoka kupitia pale palipoachwa wazi. Sungura ni mdogo kuliko fungu ambalo angepata. Sasa piga hesabu ya katibu: ameuza 58,000 kitu ambacho baada ya siku nne kingekuwa 75,000, amepoteza 17,000 mara 14, hiyo ni 238,000 ameitupa kwa mkono wake mwenyewe. We umepoteza 60,000. Mwizi mwenye tamaa hajiibii mwenyewe hivyo. Mliogopa. Kila mmoja aliogopa kwamba mwenzie ameshatoka kwenye nafasi yake, na dalali analijua hilo kuliko wote, ndo mana hakuja na bei nzuri, alikuja na habari ya uongo.

Hii siyo udhaifu wenu watu wa Uporoto. Pale Zurich, Uswisi, mwaka 2001 Urs Fischbacher na wenzake waliwauliza watu wanaochangia mfuko wa pamoja, wenzako wakitoa kiasi hiki we utatoa ngapi. Karibu nusu yao walikuwa watu wa kufuata, wenzao wakitoa nao wanatoa, wenzao wakibana nao wanabana. Kama watu thelathini kwa mia hawakutoa kitu hata wenzao watoe vipi. Hao wa mwisho kweli wapo, ila kwenye watu tisa wengi wenu mtakuwa lile kundi la kufuata, na mtu wa kufuata ukimwambia uongo kuhusu wenzie umeshamgeuza, wala hujahitaji kubadilisha roho yake.

Haya tuje kwenye wanawake na wanaume. Mwenyekiti wako amekosea na wanawake wenzako wamekosea, na wote wamekosea kwa namna inayofanana. Mwaka 2011 Daniel Balliet na wenzake walikusanya matokeo 272 ya majaribio ya namna hii, ya miaka kama hamsini, wakayaweka pamoja waone jinsia ipi inashirikiana zaidi. Ukichukua kwa ujumla tofauti haipo ya kushika mkononi. Ila walipochambua nani alikuwa anacheza na nani ndo yakatoka mambo: wanaume kwa wanaume walishirikiana zaidi kidogo kuliko wanawake kwa wanawake, na kwenye michezo ya kurudiarudia ndo wanaume walizidi kushirikiana. Na wakichanganyika, wanawake ndo walioshirikiana zaidi ya wanaume. Nasema kidogo, zote ni tofauti ndogo ambazo hutaziona kwenye kikundi cha watu tisa. Lakini angalia zinavyowapinga wote wawili. Mwenyekiti anataka kuwatoa wanawake kwenye kundi la mchanganyiko, pale pale ambapo wamepimwa wakaonekana wanashika vizuri zaidi. Na wanawake wenzako wanaamini wakiwa peke yao ugomvi utaisha, wakati hakuna kipimo kinachowaahidi hivyo, na nadhani we mwenyewe unakumbuka vikoba vya wanawake watupu vilivyovunjika hapo hapo kijijini.

Na hata hicho tunachokiita tabia ya kike au ya kiume kinabadilika ukivuka mpaka wa mila. Mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walitoa kazi waliyoifanya kwa Wamasai wa hapa hapa Tanzania na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao ukoo na mali vinafuata upande wa mama. Watu walirusha mpira wa tenisi kwenye ndoo mara kumi, wakachagua wenyewe ama walipwe kwa kila mpira unaoingia ama washindane na mtu mwingine. Wanaume wa Kimasai nusu yao walichagua kushindana, wanawake wa Kimasai kama robo tu. Kwa Wakhasi ikageuka, wanawake 54 kwa mia walichagua kushindana na wanaume 39. Hiyo ilipima kushindana, siyo kushirikiana, lakini inatosha kumuuliza mwenyekiti huo moyo mdogo wa mwanamke anaousema ni wa damu au ni wa jinsi alivyozoeshwa. Na gunia 14 zilitoka kwenye ghala la mwanaume.

Sasa wazo lako la tabia. Hapa ndipo napenda unisikilize sana mana uko karibu na ukweli halafu unageuka mlangoni. Ndio, tabia ina kitu. Wanaopima tabia za watu wanatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya kwenye neno moja la mtu mzuri. Kuna unyoofu, yaani mtu asiyekula cha mwenzie hata akipata nafasi na hakuna anayemwona. Na kuna upole, yaani mtu ambaye akikosewa hachukui hatua, anasamehe, anaacha yapite. Michael Ashton na Kibeom Lee ndio walioandika kwamba hivi ni vipimo viwili tofauti, mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Ucheshi wala haumo kwenye hivyo viwili, ucheshi ni kitu cha tatu kabisa. Kwa hiyo ukisema tubaki na wapole na wacheshi wasioleta maneno, umemchagua katibu. Umejichagua na wewe. Na umemtoa yule mama.

Mwangalie yule mama tena siku ya kikao. Aliuliza daftari liko wapi. Aliuliza mtu akiuguliwa itakuwaje. Alisema wazi mbele ya watu kabla hajanyoosha mkono, halafu akanyoosha, na gunia zake zote zilikuwepo siku ya kuhesabu. Huyo hana upole wa mdomoni, lakini lile swali lake la hospitali ndo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na mkalizima kwa kicheko. Mana mtu mwenye shida ya usiku huu hawezi kungoja siku nne, hata awe mwaminifu vipi, mpaka kikundi kimwekee njia nyingine.

Kwa hiyo msigawane. Kikao cha Jumapili kibadilishe mpangilio, watu wabaki wale wale. Mzigo ukishachimbwa na kukauka uletwe sehemu moja, hata kama ni chumba cha kuazima, gunia liwekwe alama ya mwenye nalo na liandikwe, mlango uwe na kufuli mbili, funguo moja kwa mwanaume moja kwa mwanamke, ili hakuna atakayetoka nje usiku kwenye ukungu kuangalia mzigo wa nani umepakiwa. Dalali akija na maneno ya wenzako wameshauza, piga simu pale pale mbele yake, uliza. Uongo wake unaishi kwa sababu kila mtu aliona aibu kuuliza. Kwenye sanduku la kikundi tengeni fungu la dharura, mwenye ada au mgonjwa akope humo mzigo wake ukiwa ndani kama dhamana, alipe gari likishapakia. We mwenyewe ungekuwa na hilo ungelala usiku ule. Na msiahidi hesabu iliyobana hivyo, mkiwa na 120 ahidini 100, mmoja akiteleza gari bado linajaa.

Kuhusu katibu, hapo moyo wako wa kusamehe kila kitu utawaponza. Kuna mwanasayansi wa siasa wa Marekani, Robert Axelrod, miaka ya kuelekea 1980 na kitu aliwaita wataalamu watume programu za kompyuta zicheze ule mchezo wa wafungwa mara nyingi nyingi zenyewe kwa zenyewe. Zikaja za kila namna, za ujanja mwingi, na iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport. Inaanza kwa kushirikiana, baada ya hapo inafanya kile mwenzie alichofanya mara ya mwisho. Ukiigeuka inakujibu mara moja, ukirudi vizuri nayo inarudi, haiweki kinyongo. Akaitisha mashindano ya pili, wote wakiwa wameshajua iliyoshinda, ikashinda tena. Upole mtupu usiojibu, kwenye michezo ile, unaliwa. Na hasira isiyoisha nayo inawafunga wote wawili mpaka mwisho wa mchezo. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza wakulima wanaogawana maji ya mifereji na malisho sehemu nyingi za dunia, akakuta vikundi vilivyodumu miaka mingi vina adhabu inayoanza ndogo na kupanda mtu akirudia, na wanaosimamia ni wanachama wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Kwa hiyo katibu alipe faini inayouma lakini isiyomuua, aachie ukatibu msimu mmoja, alime, alete mzigo, ahesabiwe kama wengine, akishika ahadi arudi. Kumfukuza mtu aliyepoteza 238,000 kwa kuogopa hakutawaongezea ujasiri waliobaki, kutawafundisha kuficha.

Na adhabu hiyo hiyo ndo iwe yako.

Mwanangu, gunia tatu ni ndogo kwenye 17, lakini zimebebwa na mtu ambaye hakuziuza, tena mjane. Kila siku unayonyamaza, watu wanne watano wanazidi kuamini kwamba anayeuliza maswali kikaoni ndiye msaliti, na siku nyingine hakuna atakayeuliza. Ule upole unaosema unao toka utotoni, usiotaka ugomvi, ndo umekufunga mdomo hapa. Sikulaumu kwa kuuza, umeona gari kwa macho yako, wengi wetu tungeuza. Kunyamaza ni kitu kingine, na we mwenyewe unakijua, mana usingeniandikia.

Utalisema kikaoni mapema, kabla katibu hajajadiliwa, kwa hesabu kamili: gunia tatu, 55,000, asubuhi ya siku gani, na faini yako uiweke mezani kabla hawajakutajia. Na uweke mezani daftari la hazina pia, uwaachie wao waamue kama utaendelea kulishika, usiwaombe.

Lakini kabla ya Jumapili kuna safari moja. Nenda kwa yule mama asubuhi mapema, kabla hajaenda shamba, uende peke yako bila mume wala shoga. Usianze na dalali wala na gari la katibu, anza na gunia zako tatu. Akikufokea msubiri amalize. Akinyamaza, msaidie kubeba jembe mpaka shambani, mkifika huko mwombe akurudie lile swali la hospitali taratibu, uliandike, ulisome wewe Jumapili na useme ni la kwake.